Simu mpya, kioo kina ukijani upande mmoja, na tulivyoishia chini ya kitenge dukani Mwanga

Duka nawapa nyota nne, simu naipa tatu, na hiyo nyota moja waliyokosa duka ni ya yule kijana wa kaunta aliyeniambia "mama, hayo ni macho yako", ntamfikia.

Kwanza mjue mimi nauza vitenge. Niko Kigoma mjini, mzigo unaingia Kibirizi na maboti kutoka ng'ambo Kongo, nachagua, nakunjua mezani napiga picha, natupia status na kwenye magrupu, mteja wa Dar au Mwanza au Dodoma anasema nataka hicho, anatuma hela, furushi linapanda basi. Yani kioo cha simu kwangu ndo meza yenyewe ya biashara. Mtu akitaka bluu bahari nikamfungia inayoelekea zambarau, hapo nauli ya kurudisha ni yangu na maneno juu, na wateja wa vitenge maneno wanayo jamani, usione wako kimya kwenye grupu.

Simu yangu ya zamani ilikuwa ya kioo cha LCD (aina za vioo ntawaeleza huko chini), imepasuka kona, betri imevimba mpaka mfuniko wa nyuma unanyanyuka, mume wangu akasema hiyo siku itatuunguzia nyumba. Basi nikajikusanya nikaenda Mwanga, mtaa wa hapa hapa Kigoma mjini, kwenye duka moja la simu, jina nawaachia, wenyeji mtajijazia wenyewe. Nikachukua simu ya kioo cha AMOLED inchi 6.7, hezi 120 (yani kioo kinajichora upya mara 120 kwa sekunde), GB 256, betri 5000, bei walianza 780,000 tukavutana mpaka 745,000 na kava na protekta wakaweka juu yake. Kampuni ya simu nayo siitaji, kwa sababu hiki ninachosimulia kinaweza kumkuta mtu kwenye simu ya kampuni yoyote, na hata simu ya aina moja, boksi hili na boksi lile la pembeni yake vinaweza kuwa na vioo tofauti kabisa. Hilo nilikuwa silijui, ningelijua ningefanya mambo tofauti tangu mlangoni.

Mambo ya kawaida niliyafanya yote, mimi si mgeni. Nikabonyeza *#06# nikaona namba za IMEI, zile za utambulisho wa simu, zinafanana na za kwenye boksi, nikaituma 15090, namba ya kuhakiki simu, ikarudi meseji jina la simu ni lenyewe. Hiyo siachi tena, mwaka 2016 mwezi wa sita ile tarehe 16 TCRA, wale wasimamizi wa mawasiliano, walivyozima simu feki yangu ilikuwemo, nililala na simu nikaamka na kipande cha plastiki. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nikaidai nikapewa. Kamera nikajaribu, spika nikajaribu, chaji ikaingia. Kioo? Kioo nilikiangalia tu nikasema mashallah.

Na hapo ndo pa kujifunzia. Dukani kuna taa nyeupe tupu dari zima, saa nane mchana jua la Kigoma linaingia mlangoni, mwanga wa simu wameuweka mpaka mwisho, halafu wanakuwashia ile video ya maonyesho yenye makasuku na maua na rangi zinamwagika, kioo gani hakitapendeza hapo? Hata kibovu kitapendeza.

Usiku sasa. Umeme umekatika, watoto wamelala, niko kitandani nimeshusha mwanga wa simu mpaka chini kabisa nisimwamshe mtu, WhatsApp iko daki modi, najibu oda. Nikaona kama upande wa kushoto una kitu. Nikafuta na kanga. Kikabaki. Nikadhani ni kivuli tu, nikageuza simu, ukijani ukageuka nayo, kumbe uko kwenye kioo chenyewe. Ukitazama lile eneo la kijivu nyuma ya meseji, kushoto ni kijani cha mlenda uliolala, kulia waridi kwa mbali, na katikati hakuna mstari kwamba hapa ndo mwisho, vinayeyukiana tu. Nikazima nikawasha. Ule ule.

Shida ya kitu hiki ukishakiona hukiachi. Toka usiku ule nikawa kila nikifungua simu macho yanakimbilia kushoto, kama ukishaona jino la mtu limeoza kila akicheka unaangalia lile. Mume wangu nikamwonyesha akasema haoni kitu, mdogo wangu wa kike akasema anaona ila "si kidogo tu dada?", mwanangu wa miaka tisa akasema "mama upande huu umeoza". Nikamwamini yeye.

Nikapiga skrinshoti nikamtumia mdogo wangu wa kiume yuko chuo Dodoma, anasoma hayo mambo ya kompyuta. Akajibu, dada mbona iko safi? Nikabishana naye dakika kumi nzima namwambia vaa miwani, mpaka mwenyewe akacheka akasema ngoja, skrinshoti haichukui kioo, inachukua ile picha ambayo simu imeitengeneza ndani kabla haijafika kwenye kioo, kwa hiyo hata kioo kiwe kimepasuka vipande skrinshoti itatoka safi. Nipige picha kwa simu nyingine. Nikaitoa ile ya zamani yenye betri la mimba nikapiga, nikatuma, akanyamaza kidogo, akaandika "aisee".

Alivyonieleza nami nawaeleza kwa lugha ya sokoni. Kioo cha LCD kina taa nyuma, taa inawaka muda wote, mbele kuna vidoti vinavyoziba au kuachia mwanga, ndo maana nyeusi ya LCD gizani siyo nyeusi ya kweli, ni kijivu, na kasoro zake ni mwanga kuvuja pembeni pembeni. AMOLED haina taa ya nyuma, kila kidoti kinajiwakia chenyewe, nyeusi maana yake kidoti kimezima kabisa. Kioo changu ni vidoti 1080 kwa 2400, zidisha mwenyewe, ni zaidi ya milioni mbili na nusu, na ndani yake kuna vitaa vidogo vya nyekundu, kijani na bluu. Mwanga ukiwa juu umeme unaoingia ni wa kutosha, tofauti ndogo kati ya kidoti na kidoti hazionekani. Ukishusha mwanga chini kabisa na ukaweka kijivu cheusi cheusi, umeme unaokwenda kwenye kila kitaa ni kiduchu mno, hapo sasa kitaa cha kijani kikizidi wenzake hata kwa chembe unaona. Ni kama kuwagawia watoto uji, sufuria likijaa nani atajua nani kapewa zaidi, ngoja ubaki vijiko vitano ndo utasikia kelele.

Kwa hiyo akanipa kipimo. Tafuta picha ya kijivu kilichokoza, kijivu tupu haina kitu kingine, iweke ijaze kioo chote, shusha mwanga mpaka robo kisha mpaka chini, kaa chumba cha giza subiri macho yazoee kama dakika mbili. Kisha weka nyeupe tupu, uangalie kama imekaa sawa kila mahali au pengine njano pengine waridi. Kisha nyeusi tupu, utafute kidoti kinachowaka peke yake. Kisha nyekundu, kijani, bluu, utafute kidoti cheusi kilichokufa. Mwenye Samsung akibonyeza *#0*# kwenye sehemu ya kupigia anapata menyu ya kupima yenye rangi zote, Xiaomi nao wana *#*#6484#*#*, mimi yangu haikuwa mojawapo kwa hiyo nilitumia picha za kudownlodi, zinatosha tu. Na kabla ya yote hayo zima ile setingi ya kulinda macho usiku, ile inageuza kioo chote rangi ya mawese makusudi, kuna watu wanarudisha simu dukani kumbe ni hiyo.

Hapa lazima niseme ukweli unaoniumbua kidogo. Katikati ya hayo yote mteja wa Dar alishanigombeza kwamba kitenge kilichofika sicho, kwenye picha aliona bluu ya ziwa kimemfikia bluu ya sare za shule, nami nikaisukumia lawama simu, nikasema ni hicho kioo kibovu. Siyo. Simu ilikuja na modi ya rangi ile ya kukoleza, kila kitu kinang'aa kuliko kilivyo, sasa mimi nilikuwa nahariri picha kwa kuangalia kioo kinachonidanganya, naona rangi imekoza nazipunguza, naona huku imepauka naongeza, mwisho picha ikatoka haieleweki. Nikaingia setingi za kioo nikaweka modi ya asili, nikakunjua kitenge chenyewe dirishani nikaweka simu pembeni yake, sasa vilifanana, karibu mno. Ya mteja wa Dar nililipa nauli mimi na kumuomba radhi. Ukijani wa kushoto ni kasoro, ukolezaji wa rangi ni setingi, vitu viwili tofauti, na nikienda kulalamika dukani na vyote kwenye kapu moja wangenishinda kwa hicho cha pili.

Nikajaribu pia kutoa hezi 120 nikaweka 60, ukijani ukapungua kidogo ila haukuondoka. Nikasasisha programu, wapi.

Siku ya nne nikarudi Mwanga. Kijana wa kaunta, mtoto mpole tu wa watu lakini mdomo, nikamwambia kaka hiki kioo kina kijani upande. Akaishika akaiangalia chini ya zile taa zake akasema "mama mbona kiko fresh". Nikamwambia shusha mwanga. Akashusha, chini ya zile taa nyeupe kioo kikawa cheusi kama kimezima, utaona nini? Akasema ni protekta, tuibandue tuweke nyingine, elfu kumi. Nikamwambia ya kwanza mlinipa bure nyie wenyewe halafu ya pili nilipie kwa kosa lisilo langu? Akasema basi ni programu, tuifute yote ianze upya. Nimeshafanya. Ndo akasema hayo ni macho yako. Nikamwambia mwanangu, macho haya yanatofautisha bluu nane za kitenge kwenye mwanga wa kibatari, usinitanie.

Bosi akatoka ndani kusikia kelele. Mtu mzima, mstaarabu, anaongea kwa upole ule wa watu wa Ujiji, akasema mama vitenge shida nini, nikamwelekeza, akasema mimi nakuamini lakini lazima nione ndo nitaweza kuongea na waliotuletea mzigo. Haki yake. Sasa giza tunalipata wapi saa tano asubuhi? Stoo yao ina dirisha na mlango wa kioo, choo taa haizimiki imeunganishwa na ya korido. Mimi nilikuwa na furushi, natoka kuchukua mzigo Kibirizi, nikachomoa pisi moja nzito nyeusi yenye maua ya njano nikasema tuingie humu.

Bosi akanitazama akaangalia watu wa nje akasema mama, mimi na wewe chini ya kitenge kimoja hapa Mwanga, jioni habari itakuwa imeshafika Gungu. Duka zima kicheko. Akamwita binti yake anayekaa kwenye miamala ya hela, "mwanangu ingia wewe na mama", tukaingia mimi na yule binti tumejifunika kichwa kizima tumeinama juu ya simu kama tunajifukiza, joto hilo usiseme, nikamwambia subiri macho yazoee, tukasubiri, huko nje mtu anauliza wanafanya nini wale, anajibiwa wanapima simu. Dakika ya pili binti akasema polepole, "Baba, ipo. Kijani. Huku kushoto." Kisha akaingia yule kijana wa kaunta na bosi wake, wanaume wawili, walipotoka kijana alikuwa anaangalia chini.

Hapo nawapa sifa zao. Bosi hakuzungusha, akasema risiti unayo, boksi lipo, haina mkwaruzo, ziko siku saba za kubadilisha kwa karatasi yao, akaleta boksi jingine la simu ile ile. Nikasema tunaingia tena. Ya pili kijivu kilikaa sawa, hakina kushoto wala kulia, nikaanza kufurahi, nikaweka nyeusi tupu, katikati juu karibu na saa kuna kidoti kimoja kijani kinawaka kama jicho la paka. Kimoja tu. Kijana, safari hii kwa adabu, akasema mama kidoti kimoja huwa hakihesabiki kasoro, kampuni zinaruhusu. Na hajadanganya sana, mdogo wangu aliniambia kuna kiwango cha kimataifa cha skrini, ISO 9241-307, chenye madaraja, daraja la sifuri ndo halitaki kidoti kibovu hata kimoja, yaliyobaki yanavumilia kadhaa, na ni mtengenezaji anayeamua yeye anauza daraja gani. Lakini mimi nimelipa laki saba na arobaini na tano, hicho kidoti kitakuwa kinanikonyeza kila usiku mpaka nife. Bosi akaniangalia, akaangalia kitenge, akaenda kuleta la tatu.

La tatu ndo ninalo, ndo naandikia hapa. Kijivu kikiwa chini kabisa kuna mistari ya kusimama hafifu hafifu, kama alama za ufagio kwenye uwanja uliofagiliwa, lazima uitafute ndo uione na ukipandisha mwanga kidogo tu haipo. Ukiinamisha simu nyeupe inaelekea ubluu, hiyo nimeambiwa ni tabia ya AMOLED nyingi na nimeikuta hata kwenye simu ya shemeji yangu ya bei mara mbili ya hii. Hakuna kidoti, hakuna kijani. Nikaipokea. Kutafuta la nne ningekuwa sasa natafuta ugomvi, na lingeweza kuwa baya kuliko hili.

Kitu kingine ambacho sikujua nikiweke wapi: ukielekeza kamera ya simu nyingine kwenye kioo hiki mwanga ukiwa chini unaona michirizi inatembea, msishtuke na msirudishe simu kwa hiyo, kioo kinapunguza mwanga kwa kuwaka na kuzima haraka haraka mno kuliko jicho linavyoweza kukamata, kamera ndo inakamata. Ila kuna watu kichwa kinawauma kwa hilo, mdogo wangu wa kike ni mmoja wao, akisoma kwenye simu yangu usiku nusu saa anaanza kushika paji la uso, kwenye ya kwake ya LCD hana shida. Kama ni mtu wa kichwa kuuma kaa nayo dukani uisome kwanza, usinunue kwa sifa za jirani.

Simu kwa mengine ni nzuri sina ubaya nayo. Betri linanitoa asubuhi Kibirizi mpaka usiku. Juani inasomeka, na jua la pale bandarini linavyopiga kwenye maji mnalijua, ile ya zamani nilikuwa naitia ndani ya mkoba ndo nione nani kanipigia. Picha za vitenge zinatoka na nyuzi unaziona. Nyota tatu ni kwa sababu ya boksi tatu, mtu kununua kitu cha laki saba halafu iwe kama kuchagua embe gizani hainiingii akilini, ikague kiwandani huko siyo mimi nikague chini ya kitenge nikitoka jasho.

Duka nawashauri jambo moja tu, wekeni kakona kadogo kenye pazia zito, mteja aingie apime kioo dakika tatu atoke na roho nyeupe, nyie mtapunguza kurudishiwa mzigo. Pazia nawauzia mimi, bei ya jumla.

Na bosi, ile protekta ya simu ya tatu hamkunibandikia, kijana alisema nije Jumamosi zimeisha. Jumamosi mbili zimepita. Napita kesho nikitoka sokoni.